Mwongozo kamili: kupima kama mtetemo unazichipusha seli za neva, bila kujidanganya

Ukilisimulia, jaribio hili ni jepesi. Weka seli juu ya kitu kinachotetema, subiri siku chache, hesabu vijitawi vilivyochipuka. Wengi hulianza kwa matumaini na baada ya miezi mitatu wana picha nzuri na majibu yanayopingana: safari hii seli zilizotikiswa zimewapita wenzao, safari ya pili hakuna tofauti, safari ya tatu zimeng'oka na kuelea.

Mara nyingi seli hazina kosa. Aliyefanya jaribio anajua alichoingiza kwenye spika inayotikisa seli lakini hajui kilichofika kwenye seli. Pengine mtetemo ulifika mpaka kwenye sahani ya ulinganisho, pengine spika ilipasha joto, pengine midia (kimiminika cha kulishia seli) ilikuwa ikipiga mawimbi kisimani, yaani ndani ya kitundu cha sahani kinachoshika seli. Kwa hiyo sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu jukwaa la kutikisia. Sehemu ya seli ni ya kawaida, na ukiwa mzoefu wa maabara utaipita haraka.

Tunatumia seli za PC12, zilizotokana na uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya. Zikipewa kichocheo cha ukuaji wa neva (NGF) huacha kugawanyika na kutoa vijitawi virefu kama seli changa ya neva. Huhitaji kuchinja mnyama, na kipimo cha mafanikio kinaonekana kwa macho.

## Andaa hivi kwanza

Vya jukwaa

- Spika ya besi ya inchi 8 yenye koni ya plastiki. Koni ya karatasi hunyonya unyevu wa inkubeta (kabati la joto la kutunzia seli) na kulegea.
- Amplifaya ndogo, na simu au kompyuta yenye programu ya kutoa sauti ya masafa moja (masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, Hz).
- Kipande cha bomba la PVC la inchi 3, urefu wa sm 10 hadi 15.
- Bamba la alumini la mm 130 × 90, unene wa mm 3, na vishikizo vinne vya pembeni vya kubana sahani.
- Kipima-mchapuko ADXL335 kwenye kibao chake (mchapuko ni jinsi kasi ya mwendo inavyobadilika), kapasita za mikrofaradi 0.01, na Arduino au kifaa kingine cha kusoma volti.
- Kipimajoto chenye waya mwembamba unaoingia kisimani.
- Sponji nzito au mpira wa kuwekea chini ya spika na chini ya sahani ya ulinganisho.

Vya seli

- PC12 za vizazi vya mwanzo, zilizopimwa na kuonekana hazina maikoplazma (bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara).
- Midia RPMI 1640, seramu ya farasi iliyopashwa moto, seramu ya ndama, penisilini na streptomaisini.
- Kolajeni aina ya I ya mkia wa panya (protini ya kuzishikisha seli kwenye plastiki), na asidi ya asetiki ya 0.02 M (ml 1.15 ya asidi kali ndani ya lita moja ya maji safi).
- NGF, mikrogramu 10. Mzunguko mmoja wa sahani tatu unakula kama mikrogramu 1.3, hivyo inatosha marudio matatu na ya akiba ikabaki.
- Sahani tatu za visima 24 kwa kila marudio.
- Paraformaldehaidi ya 4% (ya kukaza seli zibaki zilivyo), Triton X-100 (sabuni ya kutoboa utando wa seli), kingamwili dhidi ya tubulini ya beta-III (protini ya seli za neva), kingamwili ya pili yenye rangi ya kung'aa, na DAPI (rangi ya viini vya seli).

Hakikisha unajua aina ya PC12 uliyonayo. Ile ya asili hupenda kuelea kwa vishada na haishiki plastiki tupu. Ipo nyingine iliyochaguliwa kwa kushika vizuri. Haziitikii sawasawa, na kuzichanganya katikati ya mradi ni kuanza upya.

## Hatua ya 1: Chagua kipimo cha mtetemo

Kusema "50 Hz" peke yake ni kama kusema "nilimpa dawa" bila kutaja miligramu. Unahitaji masafa na mchapuko, na viwili hivyo vinakupa umbali ambao sahani inasogea:

mchapuko = (2 × π × masafa)² × msogeo

Msogeo hapa ni kutoka katikati hadi kilele. Kutoka chini kabisa hadi juu kabisa ni mara mbili yake. Kwa mchapuko wa 0.25 g, yaani robo ya uvutano wa dunia (mita 2.45 kwa sekunde ya mraba), unapata:

- 10 Hz: msogeo wa mm 0.62
- 50 Hz: mikromita 25
- 100 Hz: mikromita 6.2

Ndiyo maana huwezi kulinganisha masafa mawili huku kitufe cha sauti kikiwa palepale. Ukipanda kutoka 50 hadi 100 Hz kwa msogeo uleule, mchapuko unaongezeka mara nne, nawe utadhani seli zimebagua masafa.

Anza na 50 Hz, 0.25 g, dakika 30 kwa siku, juu na chini. Mtetemo wa pembeni huisukuma midia ikapita juu ya seli, na hapo huwezi kujua kama kilichofanya kazi ni mtetemo au msuguo wa maji. Ukishapata matokeo yanayorudiwa, jaribu 0.1, 0.5 na 1 g. Chini ya 20 Hz achana na spika: vifaa vingi vya sauti hukata masafa hayo vyenyewe.

## Hatua ya 2: Jenga jukwaa

Gundisha bomba wima katikati ya koni kwa gundi ya epoksi, kisha bamba la alumini juu ya bomba. Acha saa 24 gundi ikauke nje ya inkubeta, maana mvuke wake unaua seli.

Urefu wa bomba una kazi mbili: unaiweka sahani mbali na joto la koili na mbali na sumaku. Upana wake nao si wa bahati. Bomba jembamba linaliacha bamba liyumbe kama sinia kichwani mwa mtu anayekimbia.

Sahani ibanwe pembe zote nne. Ikilala tu juu ya bamba itarukaruka, na kila inapotua seli zinapigwa kigongo ambacho hukukipanga.

Amplifaya ibaki nje. Ndani ziingie nyaya tu kupitia tundu la inkubeta. Futa kila kitu kwa ethanoli ya 70%. Weka spika juu ya sponji, na sponji juu ya rafu.

## Hatua ya 3: Pima mtetemo palipo na seli

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoharibu majaribio mengi kuliko nyingine zote.

Rekebisha kipima-mchapuko kwanza. Vibao vingi vya ADXL335 vinauzwa vikiwa na kapasita za mikrofaradi 0.1 kwenye matokeo yake. Kapasita hizo zinakata ishara kuanzia 50 Hz, yaani mtetemo wa kweli wa 50 Hz utasomeka kama 71% tu. Mtu anaongeza sauti hadi kifaa kisome 0.25 g, kumbe seli zinapata 0.35. Badilisha ziwe za 0.01, sasa mkato unahamia 500 Hz na kosa kwenye 50 Hz ni chini ya 1%.

Kisahihishe kwa kukigeuza. Kilaze, soma volti ya mhimili wa wima. Kigeuze juu chini, soma tena. Tofauti ya masomo hayo mawili ni 2 g kamili, kwa sababu uvutano wa dunia haudanganyi. Kwa umeme wa volti 3 tarajia karibu milivolti 300 kwa kila g. Soma angalau mara 1000 kwa sekunde, toa wastani, kinachobaki ndicho mtetemo wako. Kama programu inakupa thamani ya RMS (aina ya wastani wa mtetemo), zidisha kwa 1.41 kupata kilele.

Pima jukwaa likiwa na mzigo wake. Bana sahani yenye ml 0.5 za maji kila kisima, na kifuniko chake. Sahani tupu ni nyepesi, na namba utakazopata hazitafanana na za siku ya kazi. Gundisha kipimaji kwa utepe mwembamba wa pande mbili. Utepe wa sponji unameza mtetemo.

Pima pembe nne na katikati. Umefaulu ikiwa:

- sehemu zote tano hazitofautiani zaidi ya 10%;
- mitetemo ya pembeni haizidi sehemu moja ya kumi ya wima;
- kwenye mchoro wa masafa kuna mlima mmoja wa 50 Hz, si msururu wa 100, 150 na 200.

Katikati ikizidi pembe sana, bamba linapinda: weka nene zaidi. Pembe moja ikizidi nyingine, bomba haliko wima. Ukiona msururu wa milima, amplifaya imezidiwa au kuna bolti imelegea.

Sasa pima mahali pa sahani ya ulinganisho. Spika ikiwa inawaka, weka kipimaji kwenye rafu ambako sahani tulivu itakaa. Usishangae ukikuta sehemu ya tano ya mtetemo wako imefika huko kupitia vyuma vya inkubeta. Lenga chini ya 0.01 g, ongeza sponji, hamisha rafu, au tumia inkubeta ya pili. Zima spika upime tena: feni ya inkubeta nayo ina mtetemo wake, na lazima ujue ni kiasi gani.

## Hatua ya 4: Kagua joto na uso wa midia

Weka waya wa kipimajoto ndani ya kisima, washa mtetemo saa nzima. Tofauti na sahani tulivu isizidi nyuzi 0.2. Ikizidi, refusha bomba au punguza mzigo, usiseme "ni kidogo tu": joto peke yake linaweza kubadili ukuaji wa vijitawi.

Kisha mulika tochi kwa mshazari juu ya visima. Taswira ya mwanga ikibaki shwari, uko salama. Ikivunjika kuwa viduara au miraba midogo, uso wa midia umeanza mawimbi yake, na chini yake maji yanazunguka na kusugua seli. Punguza mchapuko.

Ikiwa lazima ufike 1 g, jaza visima hadi juu bila kuacha hewa, funika kwa utando tasa, na ongeza HEPES ya mM 25 kulinda pH. Fanya vivyo hivyo kwa sahani za ulinganisho, na usizidishe dakika 30, kwa kuwa seli chini ya utando hazipumui vizuri.

## Hatua ya 5: Panga makundi

Visima vyote vya sahani moja hupata mtetemo uleule, kwa hiyo ulinganisho ni sahani kwa sahani.

- Sahani T inatikiswa.
- Sahani S imetulia. Inatolewa na kurudishwa kila T inapotolewa, kwa sababu kubebwa nako ni kutikiswa na kupozwa.
- Sahani K inakaa kwenye kimeza kidogo juu ya spika ya pili inayofanya kazi, bila kuigusa. Inapata joto, sumaku na sauti, haipati mtetemo wa moja kwa moja. Ukiwa na spika moja tu, fanya K kama marudio ya pekee.

Ndani ya kila sahani, mistari minne ya visima sita: bila NGF, kisha nanogramu 5, 15 na 50 kwa ml. Hapa wengi wanakosea kwa kutumia 50 peke yake. Kwenye 50 seli zimeshashiba. Mtetemo hauna pa kuongeza. Kama una athari, itajitokeza kwenye 5 au 15. Mstari wa 50 upo ili ujue seli zako zinaitikia.

Visima vya pembezoni hukauka haraka, basi badili mpangilio wa mistari kila marudio, mpangilio mmoja kwa sahani zote za siku hiyo.

## Hatua ya 6: Panda seli

Siku ya 0, kolajeni. Yeyusha kwenye asidi ya asetiki ya 0.02 M hadi mikrogramu 50 kwa ml. Ml 15 zinatosha sahani tatu. Weka ml 0.2 kila kisima, saa moja kwenye joto la chumba, nyonya, suuza mara tatu kwa PBS (maji ya chumvi yanayotunza pH). Usiruke suuzo: asidi inayobaki inageuza midia kuwa ya njano na seli zinakataa kushika.

Vunja vishada. Pitisha seli mara tano hadi nane kwenye sindano ya geji 22, polepole, bila mapovu. Kishada cha seli ishirini kinachipua vijitawi ambavyo hutajua ni vya nani. Chini ya hadubini unataka seli moja moja, mbili mbili.

Hesabu na upande. Andaa ml 40 zenye seli 40,000 kwa ml, katika midia yenye 10% ya seramu ya farasi na 5% ya ndama. Weka ml 0.5, yaani seli 20,000 kwa kisima. Tikisa chupa kila baada ya mstari mmoja, maana seli huzama na visima vya mwisho hupata nyingi. Acha usiku mzima kwenye nyuzi 37 na 5% ya kaboni dayoksaidi.

Siku ya 1. Hakikisha nyingi zimeshika: sukuma sahani kidogo, zisisogee. Badilisha midia iwe ya 1% ya seramu ya farasi pamoja na NGF ya kila mstari. Usiondoe seramu yote, kwani mstari usio na NGF utakufa na ulinganisho wako utakuwa na maiti.

NGF igawe kwenye vichupa vidogo mara inapofika, ihifadhi kwenye baridi ya kugandisha, kila kichupa kiyeyushwe mara moja. Ikiwa nyembamba sana hunata kwenye plastiki. Ipunguze ndani ya midia yenye seramu, na siku hiyohiyo.

## Hatua ya 7: Tikisa

Siku ya 1 hadi ya 5, dakika 30, saa ileile. Washa sauti ikiwa chini kisha ipandishe kwa sekunde kumi, na ishushe hivyohivyo. Kuwasha ghafla ni pigo. Siku ya 3 na ya 5 badilisha nusu ya midia *baada* ya mtetemo, kwa pipeti inayogusa ukuta wa kisima.

Acha kipimaji kimegundishwa pembeni mwa bamba na andika mchapuko wa kila siku. Gundi huchoka, bolti hulegea. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, andika dakika zilizopita na usifidie jioni. Marudio hayo yabaki na alama yake kwenye daftari.

Kufikia siku ya 3 mstari wa 50 uanze kuonyesha vijitawi. Siku ya 6 viwe virefu na vinapishana. Mstari huo kwenye sahani tulivu ukiwa bado mviringo mtupu, simama. Seli zimechoka au NGF imekufa, na hakuna mtetemo utakaokuambia kitu.

## Hatua ya 8: Kaza, paka rangi, piga picha

Pasha paraformaldehaidi hadi nyuzi 37. Ikiwa baridi, vijitawi hukatika na kuwa shanga. Nyonya nusu ya midia, ongeza ujazo uleule wa paraformaldehaidi taratibu, dakika mbili, kisha badilisha zote kwa ile ya 4%, dakika 15. Glovu na kabati la kuvuta mvuke ni lazima, na taka yake haiendi kwenye sinki.

Triton ya 0.1% dakika 10. Albumini ya 1% saa moja. Kingamwili ya tubulini usiku kucha kwenye nyuzi 4, kwa kipimo cha mtengenezaji. Kingamwili ya pili saa moja gizani. DAPI mikrogramu 1 kwa ml, dakika 5.

Piga picha kumi kila kisima katika sehemu zilizopangwa kabla, si unapopapenda. Mtu mwingine afiche majina ya sahani kabla hujafungua picha.

## Hatua ya 9: Hesabu

Seli imechipua ikiwa ina angalau kijitawi kimoja kirefu kuliko kipenyo cha mwili wake. Andika kanuni hiyo kabla ya kuanza. Urefu pima kwa programu ya ImageJ yenye nyongeza ya NeuronJ. Toa namba tatu kwa kila kisima: asilimia ya zilizochipua, urefu wa kijitawi kirefu zaidi, na jumla ya viini vilivyobaki.

Namba ya tatu ndiyo mlinzi. Seli za mviringo hushika kwa ulegevu kuliko zilizochipua. Mtetemo mkali huzing'oa hizo kwanza, zikamwagwa na midia, na asilimia ya zilizochipua inapanda bila seli hata moja kuchipua zaidi. Kisima cha kwanza kina seli 100, 30 zimechipua: 30%. Cha pili zimeng'oka 40 za mviringo, zimebaki 60, zilezile 30 zimechipua: 50%. Mtu anaandika ripoti ya furaha. Viini vikipungua zaidi ya 10% kwenye T, usizungumzie asilimia. Linganisha idadi ya zilizochipua kwa kila mm ya mraba, na hesabu zilizoelea kwa rangi ya buluu ya tripani.

Kwenye takwimu, visima sita vya sahani moja si majaribio sita. Vimetikiswa pamoja na vimetoka chupa moja. Wastani wao ni namba *moja*. Unahitaji angalau marudio matatu ya siku tofauti na seli zilizoandaliwa upya, kisha ulinganishe T na S kwa jozi.

Tofauti ikionekana kati ya T na S lakini K ikafanana na T, umegundua joto, sumaku au sauti. T ikijitenga na zote mbili, viini vikiwa sawa, na hali ikarudi mara tatu, hapo una athari ya mtetemo.

## Ukitaka kujua mtetemo unapitia wapi

Utando wa seli nyingi una milango ya ioni inayofunguka ukivutwa. Piezo1 na Piezo2 ndizo maarufu, na ugunduzi wake ulimpa Ardem Patapoutian sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 2021. Kizuizi kinachotumika sana ni GsMTx4, peptidi ya sumu ya buibui, kwa kipimo cha mikromola chache, kikiwekwa dakika 30 kabla ya mtetemo na pia kwenye sahani tulivu.

Gadoliniamu ni ya bei nafuu na inashawishi, lakini RPMI imejaa fosfati na bikaboneti, nazo huishika ikawa unga. Utaona vumbi jeupe chini ya hadubini na seli ambazo hazikuzuiwa chochote. Ukilazimika kuitumia, kwa muda wa mtetemo tu badilisha midia iwe myeyusho wa chumvi usio na fosfati wala bikaboneti, wenye HEPES, kwenye sahani zote tatu.